Tupeane uzoefu: siku mkono au mguu wako (au wa ndugu yako) ulipokataa amri

Mjukuu wa Kibosho
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Uzi huu si wa kuuza dawa, wenye mitishamba mtupishe kidogo.

Mzee wangu ana miaka 71. Presha anayo siku nyingi, dawa anameza siku kichwa kikigonga tu. Mwezi wa tatu aliamka usiku kwenda kujisaidia, akaanguka kati ya kitanda na kabati. Upande wote wa kulia tepwetepwe. Asubuhi, badala ya kutafuta gari, tukamwita mchuaji. Ilipofika saa tano ndipo tukapata Noah ya kushuka Moshi mjini. Picha ya kichwa ikaonyesha damu imevuja ndani, upande wa kushoto. Shangazi akawaka: "Mkono mbovu ni wa kulia, picha inasema kushoto, wamechanganya mafaili hawa!"

Sasa kilichonileta. Mwezi mmoja baadaye tumekaa jikoni, mzee akapiga mwayo mrefu. Ule mkono uliokufa ukapanda wenyewe kutoka pajani, polepole, kiwiko kinajikunja, hadi usawa wa kifua. Mwayo ulipoisha ukashuka. Kaka akaruka: "Kumbe anaweza!" Tukamwambia baba inua tena. Akautazama mkono wake, jasho likamtoka kwenye paji, hata kidole hakikutikisika. Akalia. Sijawahi kumwona baba akilia.

Kuna aliyewahi kuona hii kitu?

Fundi Viungo
Pole sana mangi. Mzee hadanganyi, na kaka amwombe radhi. Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo hapa Moshi, mkono wa hivyo nimeuona zaidi ya mara moja.

Amri ya kusogeza kiungo kwa kutaka mwenyewe huanzia utepe wa ubongo uliolala juu ya kichwa, kama unavyovaa hedifoni. Kutoka pale nyuzi zinashuka zikisongamana kwenye kipito chembamba katikati ya ubongo. Ndiyo maana damu kidogo ikivuja pale inaangusha nusu ya mwili mzima. Zikifika chini kabisa ya shina la ubongo, kabla ya kuingia uti wa mgongo, karibu tisa katika kila kumi zinavuka upande wa pili. Kwa hiyo mwambie shangazi mafaili yako sawa.

Mwayo haungoji amri ya huko juu. Unaendeshwa kutoka kwenye shina la ubongo, na baba kule hajaumia. Jaribu na hili: mwambie "cheka baba", mdomo utakwenda upande mmoja. Halafu mpe kisa cha kuchekesha kweli, uangalie.

Msichukulie kwamba mkono umepona, lakini. Na wiki zinavyokwenda utaacha kulegea, utaanza kukaza: kiwiko kinajikunja, vidole vinafunga ngumi. Ukunjueni taratibu kila siku. Na tafadhali, mnapomwinua kitandani MSIMVUTE kwa mkono huo. Bega lililolegea linachomoka, na maumivu yake yatamfanya achukie mazoezi yote.

Boda wa Kwa Mrombo
Mimi niliamka napiga mswaki, maji yanachuruzika upande wa kushoto wa mdomo. Jicho halifumbi. Kijiweni wakasema upepo wa usiku umenipiga, mmoja akasema mke wa mtu. Nikajua kiharusi, nikaandika hadi madeni yangu.

Daktari mmoja hapa Arusha akaniambia kitu kimoja tu: "Kunja kipaji cha uso." Upande wa kushoto ukawa laini kama ukuta uliopigwa lipu. Akasema kiharusi mara nyingi kinaacha kipaji, kwa sababu kipaji kinapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kikilala na chenyewe, shida huwa kwenye mshipa wa fahamu wa uso, huku nje. Nikapewa vidonge vya kupunguza uvimbe wa mshipa, ambavyo alisema vinatakiwa kuanza ndani ya siku tatu, na jicho nikawa nalifunga na plasta usiku. Wiki ya saba nikapiga mluzi.

Msijipime wenyewe kwenye kioo mkabaki nyumbani jamani. Mimi nilikwenda.

Kitindamimba Machame
Kwetu ni mama, na si kupooza. Ni Parkinson. Mkono unatetemeka ukiwa umetulia, akishika kikombe unapungua. Kinachotutesa ni mlango wa jikoni: akifika pale miguu inaganda, kama imepigiliwa. Tulimsukuma, akaanguka. Siku moja mtoto wangu alikuwa amepanga vijiti vya kuni chini akicheza, bibi akaviruka kimoja kimoja kama msichana! Sasa tumechora mistari ya chaki mlangoni. Hospitali wakasema njia ya amri ni nzima, ila sehemu ya ndani inayoanzisha mwendo imeishiwa kemikali yake. Dawa yake inakosana na nyama na maharage, tunampa nusu saa kabla ya kula.

Huku Hai watafiti walishapita nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa hawa. Wengi waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Siwashangai, sisi wenyewe tuliita uzee miaka mitatu.

Mkurya wa Sakina
Nyumbani Tarime, ukame wa 1985, watu walikula muhogo mchungu bila kuuloweka siku za kutosha. Binamu yangu alilala mzima, kesho yake miguu imekaza, magoti yanagongana. Ugonjwa wenyewe unaitwa konzo. Sumu ya muhogo ilishambulia nyuzi hizohizo anazosema Fundi. Haikuendelea kuwa mbaya wala haikupona. Anatembea kwa vidole vya miguu na fimbo, na cherehani anayoendesha ni ya mkono.

Mjukuu wa Kibosho
Fundi, nimempa mzee kisa cha shangazi na mafaili. Amecheka mdomo ukafunguka pande zote mbili, kaka yangu ametoka nje kimya. Sasa niambie, mto wa kuegemezea mkono akikaa mnashona wenyewe au unapatikana mjini?