Naomba ushauri: nilinganishe vipi elimu ya Tanzania, Kenya na Uganda?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nasoma shahada ya uzamili. Tasnifu yangu inalinganisha nchi hizi tatu zilivyosogea kwenye lengo la 4 la maendeleo endelevu la Umoja wa Mataifa, lile la elimu bora, ambalo mwisho wake ni 2030.

Kwenye uandikishaji sina shida. Uganda ilifuta ada za msingi 1997, Tanzania ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya 2003, na madarasa yakafurika. Ninapokwama ni kwenye ubora. Kigezo cha kwanza cha lengo hilo kinauliza kama mtoto anaweza kusoma na kuhesabu akimaliza msingi. Sasa msingi wa Uganda ni miaka saba, Kenya wamehamia sita kwa mtaala wa umilisi, yaani unaolenga kile mtoto anachoweza kufanya. Nipime kwa darasa au kwa umri?

Halafu kuna lugha, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mtoto wa shule ya serikali Dodoma anafundishwa kwa Kiswahili. Mwenzake wa Kampala kwa Kiingereza. Nikiweka alama zao za kusoma kwenye jedwali moja, nitakuwa nimemwonea mmoja wao.

Msimamizi wangu anapendekeza matokeo ya mitihani ya taifa. Mimi naona hayafai, maana kila nchi inatunga yake. Je, takwimu za mpango uitwao Uwezo, waliopima watoto majumbani katika nchi zote tatu, zinatosha kubeba tasnifu? Na aliyewahi kulinganisha usomaji wa lugha mbili, alifanyaje?