Transfa ya Land Cruiser inapungua oili lakini chini haivuji: naombeni ushauri

Pikapu_ya_Tumbe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Pemba, upande wa Micheweni. Gari ni Land Cruiser pikapu HZJ75, injini 1HZ, giaboksi ya mkono yenye gia tano, fowili (magurudumu yote manne kuvuta) unaiingiza kwa ule mkono mfupi wa pembeni. Kazi yake ni kutoa mwani mbichi pwani kuupeleka kwenye vichanja, na karafuu zikianza hupanda nayo vilima vya Wete na Konde.

Tangu masika yaishe, nikiingiza fowili nasikia mvumo chini ya sakafu. Ukiwepo mzigo unazidi. Mkono wa transfa, ile nyumba ya gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, nao umekuwa mzito kurudi. Fundi mmoja alifungua boliti ya kujazia, akatia kidole ndani, hakugusa oili. Akaongeza karibu lita nzima. Juzi tumeangalia tena, imeshuka vilevile. Nimetandika kadibodi chini ya gari usiku kucha, asubuhi nimekuta vitone vichache tu, haviwezi kuwa ndiyo lita iliyopotea.

Fundi anasema transfa imekufa, niagize nyingine iliyotumika kutoka Dar. Pesa yake kwangu ni nyingi mno, na gari hii ndiyo inayolisha nyumba. Kabla sijatoa hata shilingi nauliza: hiyo oili inakwenda wapi? Na mvumo ni beringi, au ni ukavu tu?

Dereva_Konde

Oili sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma hiyo, pale propela (shafti ya kwenda magurudumuni) inapoingilia. Badilisha, yaishe.

Fundi_Machomane

Wa alaykumu salaam. Kaka, usinunue transfa. Na sili ya nyuma usiinunue bado.

Dereva wa Konde, sili ya nyuma ikifa kiasi cha kupoteza lita nzima, chini ya gari patachafuka: propela inarusha oili kwenye sakafu ya bodi, na kwa gari zenye ngoma ya hendibreki nyuma ya transfa, oili inajaa humo na hendibreki haikamati tena. Mwenzetu hajasema hayo. Oili iliyopungua bila kuonekana nje, mara nyingi imekwenda ndani.

Kwenye gari hizi giaboksi na transfa ni nyumba mbili zilizoungana, kila moja na oili yake. Kati yake kuna sili kwenye shafti inayoingiza nguvu kwenye transfa. Sili hiyo ikichoka, oili ya transfa inavutwa kuingia giaboksi. Transfa inakauka, giaboksi inafurika, na wewe chini ya gari huoni kitu. Ni ugonjwa unaojulikana sana kwa Land Cruiser zenye giaboksi ya H55F, na nadhani yako ndiyo hiyo. Fundi anayepima transfa peke yake hatauona hata akiongeza oili kila wiki.

Fanya hivi. Gari isimame pahala tambarare kabisa, ipoe. Lete spana ya 24. Kabla ya yote legeza boliti za kujazia, ya giaboksi na ya transfa. Za kumwagia ziache kwanza. Watu wengi wanamwaga oili kisha wanakuta boliti ya kujazia imeganda kwa kutu, gari inabaki tupu haina pa kujazwa. Zikilegea, fungua ya giaboksi polepole na chombo kikiwa chini yake. Oili sahihi inafika ukingo wa chini wa tundu, basi. Ikimwagika kwa nguvu, pima kiasi kilichotoka. Giaboksi yako inachukua karibu lita 5 na transfa lita 2 na kidogo, kwa hiyo lita iliyohama inaonekana wazi.

Kisha mwaga ya transfa kwenye beseni safi jeupe, uitazame juani. Sumaku ya boliti ikiwa na uji wa kijivu laini, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hapo gia au beringi inakatika. Unga wa njano unatoka kwenye shaba. Ikinuka kuungua, imefanya kazi kavu. Ikiwa nyeupe, kuna maji. Lete majibu kabla hujaongeza chochote.

MamaMwani_Kiuyu

Mimi namuuliza kaka jambo moja ambalo mafundi wa mjini hawaulizi. Siku za bamvu unashuka na gari mpaka wapi?

Nauliza kwa sababu na sisi gari yetu inabeba mwani. Bamvu maji yanapwa mbali, wanawake wanajaza viroba kule nje, na dereva anaona mchanga mgumu akashuka nao. Bahari ya huku inapanda na kushuka karibu mita 4 kwenye bamvu, ikianza kurudi hairudi taratibu. Gari imetoka Konde na mzigo, transfa imechemka, halafu inaingia kwenye maji ya magotini. Chuma cha moto kikipoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta chochote kilicho karibu. Kama brida, yaani tundu la kupumulia, haipitishi hewa, inavuta kupitia kwenye midomo ya sili. Yaliyo karibu ni maji ya chumvi.

Tafuta brida ya transfa, ile kofia ndogo juu yake au mpira unaotoka hapo. Yetu ilikuwa imezibwa na tope la njia ya Makangale, ngumu kabisa. Brida ikiziba inaleta madhara pande zote mbili: oili ikipata moto presha inaisukuma nje kupitia sili ambazo bado ni nzima, na ikipoa inavuta maji. Ndiyo maana wengine wanabadilisha sili kila mwaka na bado zinavuja. Sisi tumeweka mpira mrefu wa mafuta, tumeupandisha mpaka karibu na kopo la hewa la injini, mdomo umetazama chini. Difu zote mbili (gia za kwenye ekseli) tumezifanyia hivyo.

Pikapu_ya_Tumbe

Ahsanteni sana. Dada, nashuka mpaka maji yanapofika kwenye ringi, mara nyingine kupita hapo.

Majibu ni haya. Giaboksi nilipoifungua ilimwagika, nimekinga zaidi ya nusu lita kabla haijatulia. Transfa kidole hakifiki oili. Nilipoimwaga, ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Sumaku ina uji mwingi wa kijivu, vipande sikuona. Brida imeziba. Oili ya giaboksi nayo imefifia kidogo, haijawa nyeupe.

Kwa hiyo nina magonjwa mawili? Na je, naweza kumaliza bamvu hili kwanza? Kuna watu wanategemea mwani wao utoke.

Fundi_Machomane

Ndiyo, ni mawili, na yamekutana. Brida iliyoziba imeingiza maji, na sili ya kati imeyapeleka pamoja na oili mpaka giaboksi. Kwa hilo la bamvu jibu langu ni hapana, na nalisema nikijua kazi yako.

Maji ya mvua ndani ya oili ni mabaya, ya bahari ni mabaya zaidi. Chumvi inaanza kula uso wa beringi gari ikiwa imesimama. Vinatokea vishimo vidogo, na vishimo hivyo ndivyo baadaye vinavuma. Oili iliyochanganyika na maji haina utando wa kutenganisha chuma na chuma. Kila siku unayoiacha humo unaongeza bei ya matengenezo.

Kama unataka uhakika ni maji na si povu la hewa, chukua matone kidogo ya oili, yaweke juu ya bati la moto, ukae mbali na mwako. Yakilia na kuruka, kuna maji. Oili safi inatoa moshi kimya.

Sasa kusafisha. Nunua oili namba 90 ya bei nafuu. Jaza transfa, tembea bila mzigo mpaka ipate uvuguvugu, mwaga ikiwa bado ya moto. Rudia mpaka inayotoka iwe na rangi ileile ya iliyoingia. Giaboksi ifanyie hivyohivyo. Usijaze dizeli kisha ukaingia barabarani, dizeli haibebi gia. Halafu fungua difu ya mbele na ya nyuma. Zilikuwa kwenye maji yaleyale, na kama na zenyewe zina brida za kuziba, usitarajie kuzikuta salama.

Ile giaboksi kufurika nayo si jambo la kuacha. Oili ikizidi inapigwa povu, inapata moto, na inaweza kutoka kupitia sili ya mbele ikalowesha klachi. Hapo utakuwa na kazi nyingine kubwa.

Yakhe_wa_Unguja

Naongezea kwenye oili, maana hapa ndipo watu wanapogombana madukani. Kwa vile oili ya giaboksi na ya transfa zinakutana kwako, weka aina moja kote kuwili, 75W-90 (hicho ni kipimo cha uzito wa oili). Mimi nachagua GL-4 (daraja la oili ya gia) kwenye giaboksi kwa ajili ya shaba iliyomo. Difu ni jambo jingine, zile gia zake zinasagana kwa kuteleza, zinataka GL-5. Usikubali dumu lisilo na maandishi, hata muuzaji awe jamaa yako.

Kuhusu sili: ukiagiza, toa namba ya chasisi, usiseme tu "ya Land Cruiser". Mtaa wa Gerezani pale Dar utapata, lakini sili za bei ya chini mpira wake unakakamaa mapema. Agiza pamoja na gasketi na washa mpya za boliti. Transfa ikishashushwa, pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukihisi mfereji, sili mpya itavuja ndani ya muda mfupi, basi isogeze kidogo ikae pahala pasipochimbika au utie bushi nyembamba. Paka mdomo wa sili grisi kabla ya kuivisha.

Dereva_Konde

Nimeelewa, lile la sili ya nyuma nimeliondoa. Swali kwa fundi: mkono kuwa mzito kurudi, na lenyewe ni oili?

Fundi_Machomane

Inawezekana, lakini kuna sababu ya kawaida zaidi. Gari hii ikiwa kwenye fowili inafunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke sawa. Kwenye mchanga na tope magurudumu yanateleza, hakuna neno. Kwenye lami kavu hayatelezi, na ukikata kona nguvu inajifunga ndani ya transfa, mkono unakuwa kama umechomelewa na oili inachemka. Wanaotoka pwani wakapanda lami bila kutoa fowili wanaumiza transfa iliyo nzima. Tairi za mbele na nyuma zisizolingana ukubwa zinafanya hivyohivyo. Mkono ukigoma, rudi nyuma hatua chache kwa usukani ulionyooka, utalegea.

MamaMwani_Kiuyu

Kaka, kuhusu bamvu. Sisi gari inaishia kwenye mchanga mkavu, viroba vinaletwa kwa ngalawa maji yanapoanza kujaa, au kwa punda. Wanawake wenyewe ndio waliotaka hivyo, maana gari ikiharibika mwani unaoza juu ya mchanga na hasara inawafika wao kwanza. Kama wako kwenye shida wiki hii niandikie pembeni, yetu inaweza kufika upande wenu.

Na oili chafu unayomwaga, tafadhali itie kwenye dumu uifunge. Isimwagwe pwani wala kwenye mikoko.

Pikapu_ya_Tumbe

Dada, Mungu akujaze kheri. Nimekuandikia. Oili yote ipo kwenye madumu.

Nimeshasafisha. Inayotoka transfa sasa ni safi, giaboksi vilevile. Difu ya nyuma ilikuwa na maji kidogo, ya mbele hapana. Brida zote nimezifungulia na nimepandisha mipira juu. Mvumo umepungua sana, ila nikiachia mafuta kwenye mteremko bado nausikia kwa mbali. Fundi, hiyo ni beringi?

Fundi_Machomane

Huenda ikawa beringi, na huna haja ya kubahatisha. Sili ya kati haitoki bila kushusha transfa, na ikiwa chini utazitazama beringi bila gharama nyingine ya kazi. Zizungushe kwa mkono zikiwa zimeoshwa na kukauka. Inayokwaruza au yenye madoa meusi kwenye njia ya vigololi, itupe. Ni nzito, ishusheni watu wawili na jeki ya giaboksi, gari ikiwa juu ya stendi. Mpaka sili ifike, pima nyumba zote mbili kila baada ya siku chache: ya giaboksi iliyozidi itoe, ya transfa iliyopungua ongeza. Pwani usishuke.

Pikapu_ya_Tumbe

Sili, gasketi na washa nimeagiza kwa namba ya chasisi, zinakuja na meli ya Mkoani. Yule fundi wa mwanzo nimemwonyesha oili nyeupe na giaboksi iliyofurika, amekubali tuishushe pamoja. Picha za beringi nitaziweka hapahapa.