Mrejesho: Ziara ya Florence pamoja na mwongoza watalii

Niliuliza hapa kama inafaa kulipia mwongoza watalii mjini Florence, Italia, au nizunguke peke yangu, na wengi mkanishauri nijiunge na kundi, nawashukuru sana. Mbele ya sanamu ya Daudi, ambayo Michelangelo aliichonga kati ya 1501 na 1504 kutokana na pande la marumaru lililokuwa limeachwa na wachongaji waliomtangulia, mwongozaji alituonyesha jinsi mkono wa kulia ulivyo mkubwa kupita kiasi, jambo ambalo nisingeligundua mwenyewe. Mchana tulikula ribollita, supu nzito ya maharage, mboga za majani na mkate uliolala (kwangu ilidai pilipili), huku wenzangu, ambao asubuhi hatukujuana, wakibishana kuhusu mchoraji Botticelli hadi kahawa ikapoa. Jumba la makumbusho ya sanaa la Uffizi tulilipita haraka mno. Hilo nitalirudia bila kundi.