Matoleo ya kwanza ya Wodehouse ya enzi za mradi wa karanga Nachingwea

Mwalimu_Mtanda (Lindi mjini)

Wakuu, salaam. Nakusanya vitabu vya P. G. Wodehouse, Mwingereza aliyeandika riwaya za kuchekesha za Bertie Wooster na mtumishi wake Jeeves. Nilifundisha Kiingereza sekondari hadi nilipostaafu, na sijaona mwandishi anayepanga sentensi kama huyu. Anakupeleka taratibu, anaongeza neno, anaongeza jingine, na pale unapodhani amemaliza ndipo kicheko kinapokubana.

Alitoa vitabu zaidi ya 90, kuanzia The Pothunters mwaka 1902 mpaka anafariki 1975, kwa hiyo sina mpango wa kuvipata vyote. Ninachotaka ni rafu moja tu: matoleo ya kwanza ya London ya miaka ya mradi wa karanga, yale mashamba makubwa ya serikali ya Uingereza huku kwetu, 1947 hadi 1951. Marehemu baba alikuwa dobi wa Wazungu wa mradi kule Nachingwea. Serikali ya Uingereza ilipoamua kuachana na mradi ule mkubwa mwaka 1951, wengi waliondoka na kuacha vitu, na baba akarudi nyumbani na mashuka, birika na vitabu. Vimebaki viwili, Joy in the Morning na Uncle Dynamite, vyote vya kampuni ya Herbert Jenkins. Kwangu hii ni historia ya Kusini. Matrekta ya mradi yanazungumzwa, reli iliyong'olewa inazungumzwa, lakini sijasikia mtu akiuliza watu wale walikuwa wanasoma nini usiku, taa ya kandili imewashwa.

Kwa hesabu yangu rafu ikitimia itakuwa na saba: Joy in the Morning na Full Moon (1947), Spring Fever na Uncle Dynamite (1948), The Mating Season (1949), Nothing Serious (1950) na The Old Reliable (1951).

Sasa naomba msaada. Joy in the Morning kilitoka Marekani mwaka 1946, kabla ya London. Hiki changu kinastahili kuitwa toleo la kwanza? Pia kina muhuri wa klabu ya Nachingwea na jina la mwenyewe kwa wino. Nifute? Na huu unyevu wa bahari wa hapa Lindi, mnahifadhije karatasi?

Karatasi_Kuukuu (Mikindani)

Shikamoo Mwalimu. Usifute chochote! Niliwahi kufanya kazi kwa muuza vitabu vya zamani Uingereza kabla sijarudi nyumbani, na hili la muhuri ndilo linalonifanya niandike haraka. Muuzaji wa kule atakupunguzia bei kwa ajili ya muhuri, ni kweli. Lakini kwa rafu unayoijenga, muhuri huo ndio ushahidi kwamba kitabu kilikuwa Nachingwea. Ukiufuta unabaki na nakala kama nyingine zilizoko London.

Kuhusu Marekani na London, wakusanyaji wamegawanyika. Wapo wanaofuata kilichotangulia duniani kote, na wapo wanaofuata nchi ya mwandishi. Mimi niko na hawa wa pili, ila kwa uaminifu andika "toleo la kwanza la Uingereza". Ujue pia kwa nini London ilichelewa. Wajerumani walipomkamata Wodehouse nyumbani kwake Le Touquet, Ufaransa, mwaka 1940, riwaya hiyo alikuwa ameshaianza. Wakamweka kizuizini, na mwaka 1941 akazungumza kwenye redio ya Berlin. Hayakuwa maneno ya siasa, ni visa vya kizuizini, lakini Waingereza walikuwa vitani na walimkasirikia vibaya. Money in the Bank, alichokiandika humo humo kizuizini, kilitoka Marekani 1942, London wakakipata 1946. Kwa hiyo huo mwaka 1947 kwenye kitabu chako una uzito wake.

Fungua nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Ukiona "Second printing" au "Third printing", hiyo ni chapa ya baadaye, hakuna mjadala. Kisha nenda kurasa za mwisho: Herbert Jenkins walizoea kutangaza vitabu vyao huko. Tangazo likitaja kitabu kilichotoka baada ya mwaka wa chako, nakala yako si ya kwanza. Ukija kununua vya kabla ya vita, angalia bei kwenye jaketi, ile karatasi ya rangi inayofunika jalada gumu. Toleo la kwanza liliuzwa shilingi 7 na peni 6, zile chapa za bei nafuu shilingi 2 na peni 6. Na jaketi lenyewe lina thamani kuliko unavyofikiri, kitabu kikilikosa bei inaanguka sana.

Mtunza_Kabati (Mtwara, Shangani)

Mwalimu, nijibu la unyevu. Usivifunge kwenye nailoni vikae miezi, jasho la karatasi linabaki ndani na ukungu unaota. Rafu iwe mbali na ukuta wa nje, vitabu visibanane, feni ipite. Jua la moja kwa moja hapana, linapausha mgongo wa kitabu. Mwarobaini mkavu weka kwenye rafu, si katikati ya kurasa, unaacha madoa. Kikiwa na wadudu, kifunge vizuri kwenye mfuko, kiweke friza siku kadhaa, kisha kitoe na ukiache kwenye mfuko mpaka kirudi joto la kawaida.

Mjukuu_wa_Mkunga (Nachingwea)

Shikamoo Mwalimu. Bibi ana sanduku la bati la enzi hizo. Nimekuta The Mating Season, Herbert Jenkins 1949, haina jaketi, na mchwa wamekula pembe ya jalada la nyuma. Maandishi yote yapo. Nilitaka kuubandika mgongo kwa selotepu. Kina maana kwako?

Mwalimu_Mtanda

Marahaba mjukuu wangu. Kina maana kubwa mno! Selotepu acha kabisa, gundi yake inageuka njano na kula karatasi. Kifunge kwa utepe wa kitambaa tu, usikaze. Piga picha nyuma ya ukurasa wa jina na kurasa za matangazo, uziweke hapa, dada wa Mikindani atatusaidia kuzisoma. Angalia pia kama kuna jina au muhuri.

Lakini kwanza kaa na bibi umweleze ni kitu gani. Kama anakitaka, kibaki kwake, mimi nitakuja Nachingwea kukiona na kumsikiliza habari za sanduku hilo lilivyofika. Akikubali kuuza, bei aseme yeye.

Karatasi_Kuukuu, asante sana mwanangu. Nimefungua kurasa za mwisho za Uncle Dynamite: hakuna kitabu kilichotangazwa cha baada ya 1948, na nyuma ya ukurasa wa jina hakuna chapa ya pili wala ya tatu. Muhuri unabaki.