Sprinti za Tour de France: saba wanahenyeka, mmoja ananyanyua mikono?

Kijana wa Mbagala:
Wakuu, habari za jioni. Nimeanza kufuatilia baiskeli tangu Biniam Girmay wa Eritrea abebe hatua tatu (hatua ni mbio za siku moja) na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi Tour de France 2024. Swali langu: timu ina watu wanane. Saba wanahenyeka kutwa nzima, mmoja anachomoka mita 200 za mwisho, picha zote zake. Hao saba wanapata nini?

Spoku Imelegea:
Mkuu, huyo wa mita 200 amefikishwa hapo. Adui ni upepo. Ukijibanza nyuma ya gurudumu la mwenzako unatunza nguvu nyingi, ndiyo maana wanapanga treni: mmoja anavuta, yaani anakaa mbele akikata upepo, mpaka anakwisha, anajitoa pembeni, anashika mwingine. Anayemvuta sprinta (huyo wa mita 200) mwishoni kabisa naye ana mbio za kutisha. Hatua ya mwisho pale Champs-Élysées, Paris, 2009, sprinta Mark Cavendish alishinda, na mvutaji wake Mark Renshaw, aliyekwisha maliza kazi yake, akaingia wa pili! Mwaka uliofuata Renshaw akampiga vichwa mpinzani aliyekuwa anambana, wote wakiwa kasi. Cavendish akachukua hatua, Renshaw akafukuzwa mashindanoni. Mimi ule ushindi namhesabia Renshaw, mnicheke tu.

Kuhusu pesa: mshindi wa hatua anapata euro 11,000, na kwa desturi zinaingia kwenye mfuko wa timu, wagawane.

Mama Pancha:
Spoku, unawatetea wenye majina. Mathieu van der Poel alimvuta Jasper Philipsen 2023, Philipsen akaondoka na hatua nne, na mwezi wa nane Van der Poel mwenyewe akawa bingwa wa dunia Glasgow. Huyo wa kuonewa huruma? Mie namuulizia mtu kama Tim Declercq, waliyembandika jina la Trekta. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele saa nzima nzima akiwafukuzia waliotoroka kundini. Sprinti ikianza, yeye kaachwa nyuma huko, kamera haina habari naye.

Kijana wa Mbagala:
Kwa hiyo Girmay naye alibebwa?

Spoku Imelegea:
Siku ile aliposhinda Torino, Italia? Watu walianguka karibu na mwisho, treni zikavurugika, akajitafutia njia mwenyewe. Treni inakufikisha, mkuu. Pale penye msongamano, miguu ni yako.

Mama Pancha:
Na mshahara mnono ni wake pia. Hilo umeliruka.