Tupeane uzoefu: sikio la noti mnalijengaje?

Wakuu, kwenye kwaya zetu mtu anasoma solfa (do, re, mi, fa, so, la, ti) vizuri karatasini, lakini akinyimwa kinanda hapati hata mi. Wenye njia inayofanya kazi waiweke hapa, hatua kwa hatua.

Mwalimu wa kwaya: Anza na do, mengine yatafuata. Bonyeza C, iache ilie, vuma "mmm" mpaka sauti yako izame ndani ya ile ya kinanda. Achia, nyamaza sekunde kumi, imba tena ile do, ndipo ubonyeze kuhakiki. Imba kwanza, kinanda baadaye! Anayetangulia kubonyeza anafuata tu, sikio linabaki limelala. Do ikikaa, ongeza so, kisha mi. Hizo tatu zikiwa imara, re utaipata kati ya do na mi, na ti utaisikia inavutwa na do ya juu. Kesho hamisha: do iwe F, kesho kutwa G. Dakika kumi kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi.

Soprano: Naongezea. Mi-fa na ti-do ni nusu toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda), hatua nyingine zote ni toni nzima, yaani nusu mbili. Kwaya ikishuka chini ya noti yake, chunguza hapo kwanza: wakitoka fa kwenda mi wanateremka kupita kiasi, wakipanda ti hawafiki. Noti inayorudiwa, so-so-so-so, nayo huzama pumzi ikilegea.

Mpiga gitaa: Ukilinganisha nyuzi za gitaa, zima programu ya simu ya kupimia noti, maana jicho linafuata mshale na sikio linakaa bure. Bonyeza uzi wa sita (ule mnene) freti ya tano, yaani kigawanyo cha tano cha shingo ya gitaa, piga pamoja na wa tano ulio wazi. Zikikaribiana bila kulingana utasikia wimbi, wau-wau-wau. Moja ikiwa hezi (mitetemo kwa sekunde) 110 na nyingine 112, mawimbi ni mawili kwa sekunde. Kaza huo wa tano polepole, wimbi likirefuka mpaka likapotea, umefika. Likizidi mbio, unakwenda upande usio wenyewe. Ukipitiliza, legeza hadi chini ya noti kisha upande tena, la sivyo uzi utateleza. Nyuzi nyingine fanya vivyo hivyo, ila uzi wa tatu kwa wa pili ni freti ya nne, si ya tano.

Mpiga kanuni (ala ya nyuzi ya taarab): Kwa wa taarab: noti ya tatu ya maqam (ngazi ya noti ya Kiarabu) iitwayo Rast, ikianzia do, iko kati ya mi na mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu toni), na kinanda cha kawaida hakina kitufe chake. Isikilizeni kwenye udi au fidla, muiimbe polepole juu ya do inayoendelea kulia.