Sasisho limevinyamazisha vitabu nilivyonunua: nina haki gani?

Mwalimu wa Voi

Nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari karibu na Voi, na ninaomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenisumbua kwa wiki tatu sasa. Darasani kwangu yupo mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye macho yake yana uoni hafifu sana, kiasi kwamba maandishi ya kitabu cha kawaida hawezi kuyasoma hata akiyasogeza karibu na uso. Kwa ajili yake nilinunua vitabu 14 vya kielektroniki kwa fedha zangu mwenyewe, nikaviweka katika kompyuta kibao ya zamani, naye akawa anavisikiliza kwa sauti ya programu ile ile ya kusomea. Mpango huo ulitufaa kwa mwaka mzima, na kijana alianza kushindana na wenzake kwa alama.

Usiku mmoja programu hiyo ilijisasisha yenyewe bila kuniuliza. Asubuhi nilikuta bando la wiki nzima limekwisha, na vitabu vitano kati ya vile 14 havisomwi tena kwa sauti; kitufe cha sauti kimefifia, na ukikigusa unaelezwa kwamba mwenye haki hakuruhusu. Nilijaribu kuyahamishia mafaili kwenye kompyuta ya shule, lakini hayafunguki mahali popote nje ya programu ile. Nilipowaandikia wauzaji, jibu lilikuwa kwamba niliyakubali masharti. Ni kweli niliyakubali, kwa sababu bila kuyakubali kitabu hakifunguki, na wakati huo nilikuwa nimekwisha kulipa.

Maswali yangu ni mawili. Je, ninawezaje kuzuia masasisho ya namna hii yasiingie tena? Na je, nikitengeneza nakala ya vitabu hivyo ambayo mwanafunzi wangu anaweza kuisikiliza, nitakuwa nimeiba? Swali la pili ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu siwezi kumfundisha mtoto uadilifu huku nikivunja sheria mbele yake.

Fundi wa Makupa

Mwalimu, pole kwa yaliyokufika. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mombasa, nami nitajibu swali la kwanza, maana wateja huniuliza karibu kila wiki.

Ni vizuri kwanza uelewe kwa nini mafaili yale hayakufunguka. Kitabu cha aina hiyo hakihifadhiwi kama maandishi ya wazi. Maneno yake huvurugwa kwa hesabu za siri, na ufunguo wa kuyapanga upya hutolewa na seva ya muuzaji, yaani kompyuta yake kuu iliyoko mtandaoni, kwa programu yake tu, kwa akaunti yako, kwenye kifaa kilichosajiliwa. Pamoja na ufunguo huja maagizo: kitabu hiki kinaweza kusomwa kwenye vifaa vingapi, kinaweza kunakiliwa au la, kinaweza kusomwa kwa sauti au la. Kwa hiyo faili ulilohamisha ni sanduku lililofungwa. Maagizo yakibadilika kwenye seva, au programu ikisasishwa ili iyafuate kwa ukali zaidi, uwezo uliokuwa nao jana hutoweka leo ijapokuwa faili lenyewe halijaguswa.

Kuzuia kujisasisha si kazi ngumu. Ikiwa kompyuta kibao yako inatumia Android, fungua ukurasa wa programu hiyo ndani ya Play Store, gusa nukta tatu zilizo juu upande wa kulia, kisha uondoe tiki inayoruhusu programu kujisasisha. Katika mipangilio ya Play Store chagua pia masasisho yapakuliwe kwa Wi-Fi peke yake, ili bando lako lisalimike. Hata hivyo, muuzaji anaweza wakati wowote kuiagiza seva yake iyakatae matoleo ya zamani, na hapo utalazimika kusasisha.

Ninakuomba usizuie masasisho yote ya kifaa kwa hasira. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kilipita katika ufa ule ule na kuyafunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza, ambako miadi ya wagonjwa ilifutwa. Mashine zilizokuwa zimesasishwa kwa wakati hazikudhurika. Ninaona hasara za namna hiyo hapa dukani, za watu walioziba mlango wa masasisho kwa sababu ya kuudhiwa mara moja.

Binti wa Wete

Ninaandika kutoka Rotterdam. Namheshimu fundi kwa maelezo yake, lakini ninaona amewalaumu wateja wake kuliko wanavyostahili. Watu hawaogopi kuzibiwa ufa. Wanaogopa kwa sababu wauzaji wamezoea kufunga dawa na pingu katika furushi moja, halafu wakamwambia mnunuzi achukue vyote au akose vyote.

Mifano ipo mingi na inajulikana. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ilitoa sasisho namba 3.21 la mashine yake ya michezo, PlayStation 3, lililoondoa uwezo wa kuweka mfumo mwingine wa uendeshaji kama Linux, uwezo ambao mashine hiyo iliuzwa nao tangu mwanzo. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Aliyelikataa sasisho alibaki na Linux yake lakini akafungiwa kucheza mtandaoni, na aliyelikubali akapoteza Linux. Kwa vyovyote alibaki na kitu pungufu kuliko alichokilipia. Mwezi Septemba 2016 printa nyingi za HP zilianza kuzikataa katriji za wino za makampuni mengine, kwa sababu ya maagizo yaliyokuwa yameingizwa mapema kwa njia ya sasisho. Watu walidhani katriji zao ni mbovu, wakazitupa.

Kisa chako, mwalimu, kinanikumbusha cha mwaka 2009. Amazon ilitoa Kindle 2, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ikiwa na uwezo wa kusoma kitabu chochote kwa sauti. Chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, kililalamika kwamba kusoma kwa sauti ni haki tofauti inayouzwa peke yake, na Amazon ikakubali kila mwenye haki aamue kitabu kwa kitabu. Wasioona waliandamana mjini New York mwezi Aprili mwaka huo, kwa sababu waliona mlango uliokuwa umefunguliwa mbele yao kwa mara ya kwanza unafungwa. Mwezi Julai wa mwaka huo huo kampuni hiyo ilifuta kutoka vifaa vya wasomaji vitabu viwili vya George Orwell ambavyo muuzaji wake hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa na baadaye mkuu wa kampuni akaomba radhi, lakini kila mtu alikwisha kuona kwamba mkono wa muuzaji unafika hadi ndani ya nyumba.

Mimi mwenyewe nilimpelekea mama Pemba DVD halali nilizozinunua hapa Uholanzi, mawaidha na filamu za watoto. Hakuna hata moja iliyocheza. DVD hufungwa zicheze katika sehemu moja tu ya dunia, inayoitwa kanda: Ulaya iko katika kanda ya 2, Tanzania iko katika kanda ya 5, na kicheza DVD cha mama kilizikataa zote. Jirani yake alikuwa na diski za kunakili za barabarani, na zile zilicheza bila tatizo. Mtu aliyelipa ndiye aliyeadhibiwa, na kufuli lililowekwa kwa ajili ya mwizi halikumzuia mwizi hata kidogo. Ndiyo maana wauza muziki walikwisha kulegeza: kufikia mwaka 2009 Apple ilitangaza kwamba nyimbo za iTunes, duka lake la mtandaoni, zitauzwa bila kufuli, na biashara ya muziki haikufa. Vitabu na filamu bado wamevishikilia.

Mkutubi, Nairobi

Mwalimu, ninafanya kazi ya maktaba na si wakili, kwa hiyo pokea haya kama ya mtu ambaye hukutana na sheria hii kazini.

Wauzaji wanasema hukununua kitabu bali ulipewa leseni ya kukisoma. Tofauti hiyo ina uzito mahakamani. Kitabu cha karatasi ukishakinunua unaweza kukiazimisha, kukiuza au kukirithisha. Kampuni moja ya Uholanzi, Tom Kabinet, ilijaribu kuuza vitabu vya kielektroniki vilivyokwisha kusomwa, na tarehe 19 Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hilo haliruhusiwi bila idhini ya mwenye haki. California imechukua njia ya kumwambia mnunuzi ukweli: tangu tarehe 1 Januari 2025 muuzaji wa bidhaa za kidijitali hawezi kutumia neno "nunua" bila kueleza wazi kwamba kinachotolewa ni leseni inayoweza kuondolewa. Ni hatua ndogo, kwa maana haimrudishii mtu kitu chochote.

Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inahesabu kuvunja kufuli la kidijitali kuwa ni ukiukaji. Kwa hiyo nisingekushauri upakue programu ya kuvunjia kufuli ukaitumia kwa vitabu vyote 14. Lakini kisa chako si cha kawaida, na hapa ninakuomba usome kwa makini. Mwaka 2013 mjini Marrakesh ulitiwa saini mkataba wa kuwawezesha wasioona na wenye shida ya kusoma maandishi kupata vitabu. Kenya ilijiunga mwaka 2017, na masharti yake yakaingizwa katika sheria yetu kwa marekebisho ya mwaka 2019. Mkataba huo unaziwezesha nchi kumruhusu mwenye ulemavu huo, au mtu anayetenda kwa niaba yake, atengeneze nakala inayosomeka kwa matumizi yake binafsi, alimradi kitabu chenyewe amekipata kwa njia halali. Ibara yake ya 7 inazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba ulinzi wa makufuli hauwazuii watu hao kuipata haki hiyo. Mwanafunzi wako ndiye hasa ambaye mkataba ulimfikiria.

Namna ya kuitumia haki hiyo bila kujiingiza hatarini ndilo jambo la kuulizia. Iandikie Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ueleze vitabu vitano kwa majina, risiti zake na hali ya mwanafunzi, kisha uombe jibu la maandishi. Wasiliana pia na Kenya Society for the Blind. Kabla ya yote, waandikie wachapishaji moja kwa moja, usiishie kwa muuzaji. Mara nyingi mchapishaji hajui kwamba kitufe cha sauti kimezimwa katika kitabu chake, na nimewahi kupata faili lisilo na kufuli kwa barua pepe moja tu.

Fundi wa Makupa

Binti wa Wete amesema kweli kuhusu furushi moja, na nimekubali. Ningependa muuzaji alazimishwe kutenganisha sasisho la usalama na sasisho la masharti, kila moja na maelezo yake. Mwalimu, wakati ukisubiri majibu, usiifute programu kwenye kompyuta kibao hiyo wala usikirudishe kifaa katika hali ya kiwandani. Vile vitabu tisa bado vinasomwa kwa sauti kwa sababu ufunguo wake uko ndani. Ukifuta, vitapakuliwa upya kwa maagizo ya leo.

Mwalimu wa Voi

Ahsanteni sana. Nimeondoa ile tiki na kifaa sikukigusa zaidi ya hapo. Kuhusu mkataba wa Marrakesh sikuwahi kusikia, na nilipomsomea mwanafunzi wangu maelezo ya mkutubi aliniomba niyarudie mara mbili. Wachapishaji wanne nimewaandikia jana jioni. Wa tano ofisi yake iko Nairobi, na kwa kuwa nitakwenda huko likizo ikianza, nitampelekea barua mkononi pamoja na risiti. Barua ya KECOBO anaiandika mwanafunzi mwenyewe, kwa imla, nami ninamchapia.